Kanisa Linalofuata Maji

Niliitwa Isiolo kwa ajili ya Kiswahili. Mchungaji mmoja mstaafu wa Meru, tuliyefahamiana naye tangu tukiwa vijana wa kwaya, alinipigia simu mwanzoni mwa Agosti 2023. Walikuwa na semina ya siku tano ya kuwaandaa viongozi wa Kikristo wa vijijini, watu ambao wangeanzisha makanisa mapya huko huko wanakoishi. Masomo yalikuwapo, yametafsiriwa kutoka Kiingereza, lakini kila yaliposomwa wanafunzi walikunja nyuso. "Mwalimu," akaniambia, "shule zinafunga. Njoo utunyooshee haya maneno, yaingie masikioni mwa watu." Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mzee wa kanisa huko kwetu Taita, na maisha yangu yote nilikuwa sijavuka Nanyuki. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Matatu iliondoka River Road, Nairobi, alfajiri. Thika, Sagana na Karatina zilipita nikisinzia. Nanyuki tulinywa chai, na tulipofika Timau baridi ilikuwa imeingia mifupani. Kushoto na kulia ni ngano na nyumba za plastiki za maua, na Mlima Kenya umejifunika mawingu kama bibi aliyejitanda shuka. Kisha njia ya Meru ikatuacha pale Subuiga, nasi tukaanza kuteremka. Sijaona mteremko mwingine Kenya unaobadilisha nchi kwa haraka namna ile. Kijani kinaisha, hewa inapata joto, abiria wanavua masweta mmoja mmoja, na mbele yako tambarare inafunguka hadi macho yanaposhindwa, na vilima vya bluu vimesimama kimoja kimoja kwa mbali.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama wa Kiborana, mfanyabiashara wa maziwa ya ngamia. Maziwa hayo hukusanywa na akina mama kutoka kwa wafugaji wa Isiolo na kupakiwa kwenye mabasi ya Nairobi, yakauzwe Eastleigh. Miguuni mwake palikuwa na mitungi mitupu ya plastiki, imefungwa pamoja kwa kamba, inanukia moshi ule wanaoutumia kuifukiza ili maziwa yasiharibike. Akaniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia ukweli, kwamba naenda kwenye mafunzo ya watu wa kanisa. Akanyamaza kidogo, akarekebisha mtandio wake, akasema: "Karibu Isiolo, mwalimu. Lakini uwaambie mapasta wenu wapunguze spika. Mtoto wangu ana homa, hajalala tangu Ijumaa ya mkesha." Nikamwahidi kwamba nitafikisha ujumbe. Niliufikisha, na nitaeleza ulivyopokelewa.

Isiolo ni mlango. Kwa miongo mingi serikali ya kikoloni iliifunga Kaskazini yote kwa sheria, ile ya mwaka 1902 na tena ile ya 1934, na hukuweza kupita bila kibali, uwe mfanyabiashara au mmisionari. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na amri za hali ya hatari zikaendelea Kaskazini hadi 1991. Barabara ya lami kwenda Marsabit na Moyale ni jambo la juzijuzi tu. Kaunti ya leo ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002: Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasomali, Wasakuye na wengineo. Wasomali wa mjini, wengi wao ni wazao wa askari wa zamani wa jeshi la Kiingereza waliopewa mahali pa kukaa hapa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukisimama barabara kuu jioni utasikia lugha tano ukingoja bodaboda moja.

Kuna jambo la historia ambalo wengi wetu tunaosoma Kiswahili hatulifikirii. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 hakuwa amekuja kwa ajili ya Waswahili wala Wamijikenda. Alikuwa amefukuzwa Shoa, Ethiopia, na aliyemtamani ni Mworomo. Akadhani atamfikia kwa kuzunguka kusini. Waborana wa Isiolo ni Waoromo. Mke wake Rosine na mtoto wao mchanga walikufa Mombasa mwaka huo huo wa 1844, yeye akabaki Pwani, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kwa hiyo kamusi ile kubwa, tuliyorithi sisi walimu wa lugha, ni tunda la safari ambayo haikufika ilikokusudiwa. Na Biblia nzima ilipowafikia Waoromo kwa lugha yao, haikuletwa na Krapf. Onesimos Nesib, aliyeuzwa utumwani utotoni, alitafsiri Biblia nzima kwa Kioromo akisaidiwa na Aster Ganno, mwanamke ambaye naye alikuwa mtumwa, ikachapishwa mwaka 1899. Mwenyeji alifanya kile ambacho mgeni alishindwa. Nilikuwa na wazo hilo kichwani nilipoingia mjini, na siku tano zilizofuata hazikuliondoa.

Asubuhi ya kwanza nilipita kanisa kuu la Katoliki la Mtakatifu Eusebio. Askofu Luigi Locati, Mwitaliano aliyepewa kuongoza jimbo hili la kitume lilipoanzishwa mwaka 1995, alipigwa risasi hapa Isiolo jioni ya tarehe 14 Julai 2005 akafa. Nilisimama langoni nikamwombea. Kazi ya kanisa katika mji huu imegharimu damu, na anayekuja kufundisha wengine kuianza upya mahali pengine hana budi kulijua hilo kabla hajafungua kinywa.

Tulikuwa watu 27 katika ukumbi wa mabati, madirisha wazi, upepo wa Agosti ukitupulizia vumbi juu ya madaftari. Waturkana ndio waliokuwa wengi, kutoka Ngaremara, Daaba na kwingineko, Wasamburu kutoka upande wa Oldonyiro na Archers Post, Wameru wa mjini, Waborana wawili, mama mmoja Msomali ambaye sitasema zaidi juu yake. Wanawake walikuwa 11. Wengi hawakumaliza darasa la nane, na wanne hawasomi kabisa. Wakufunzi walikuwa watatu: rafiki yangu mstaafu, mama mchungaji kutoka Meru mjini, na mwinjilisti wa Kiborana aliyetoka Marsabit kwa basi la usiku.

Somo la kwanza lilikuwa na kichwa "Kupanda Kanisa". Ni neno ambalo makanisa yetu yote ya Kenya hulitumia bila kufikiri. Mama mchungaji alikuwa ndiyo kwanza ameanza, akieleza mbegu na udongo, mzee mmoja wa Kiturkana akainua mkono. Alikuwa amevaa koti la suti juu ya shuka, na kigoda chake cha mbao kiko chini ya kiti cha plastiki, maana hakukiamini kiti cha plastiki.

"Mama, kupanda ni kazi ya Wameru," akasema. "Sisi tukisikia kupanda, tunajua ni kupanda mlima kutafuta mbuzi. Na ile mbegu ya kwanza iliyoanguka njiani, kwetu italiwa na mbuzi kabla ndege hajafika. Tupe neno lingine."

Ukumbi ukacheka, naye akacheka, lakini swali lilikuwa la kweli na mama mchungaji akaliheshimu. Akafunga daftari. "Basi baba, kwenu jambo jipya la uhai linaanzaje?" Palikuwa na kimya. Kisha Msamburu mmoja, morani aliyeachana na umorani mwaka ule ule, akasema kwa sauti ya chini: kisima.

Nusu siku nzima ikaenda kwenye kisima, na ninavyoona mimi ndiyo nusu siku iliyokuwa na thamani kuliko zote. Msamburu akaeleza jinsi wanavyochimba mchanga wa mto uliokauka, kwenda chini urefu wa watu watatu au wanne, wanaume wakasimama ngazi kwa ngazi ndani ya shimo, ndoo ikapanda mkono kwa mkono huku wakiimba, na kila boma lina wimbo wake ambao ng'ombe wake wanautambua na kuuitikia kwa kuja kunywa. Waturkana wakasema wao pia huchimba. Halafu mwinjilisti wa Marsabit akasimama, akaeleza visima virefu vya Waborana. Kisima kina baba yake, aliyekianzisha. Lakini baba wa kisima hawezi kunywesha anavyotaka. Yupo mwingine anayeitwa aba herega, msimamizi wa zamu, na ng'ombe wa tajiri hungoja zamu kama ng'ombe wa maskini. Mgeni akifika na kiu hapigwi. Anapewa maji ya kunywa kwanza, mazungumzo ya zamu baadaye. Na kisima kisichosafishwa kila msimu hujaa mchanga kikafa, hata kama aliyekichimba alikuwa shujaa.

Nilikuwa naandika mkono ukiniuma. Kila swali tulilokuwa tumelipangia somo zima lilikuwa limejibiwa: nani ana mamlaka, nani anamsimamia mwenye mamlaka, mgeni anapokewaje, kazi inadumishwaje mwanzilishi akiondoka. Mama mchungaji hakuitupa mbegu. Aliwaambia Paulo alipowaandikia Wakorintho alitumia mfano wa shamba, na palepale akaongeza wa nyumba, kwa hiyo hakuna dhambi katika kuongeza cha kisima. Usiku ule nilikaa na taa ya sola nikafuta "kupanda kanisa" karibu kila ukurasa. Mahali pengine niliandika "kuanzisha", mahali pengine "kuchimba", na penye habari za uongozi nikaweka "zamu". Neno hilo la mwisho nalionea fahari mpaka leo.

Siku ya pili ilikuwa ya kusimulia. Kwa kuwa kuna wasiosoma, na hata wasomao wanaishi na wasiosoma, hakuna kufundishwa kwa maandishi tu. Mkufunzi husimulia kisa cha Biblia mara mbili, mwanafunzi mmoja anakirudia, wengine wanamsahihisha: hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Kisha yanaulizwa maswali machache yale yale kila mara: kisa hiki kinatuonyesha nini juu ya Mungu, kinatuonyesha nini juu yetu, na kesho nitafanya nini kwa sababu ya hiki nilichosikia, nitamwambia nani.

Kisa kilikuwa cha Hajiri, mjakazi aliyefukuzwa jangwani na mwanawe, maji yakawaishia. Aliyekirudia ni mama wa Kiturkana, mwembamba, shanga zimepanda shingo yote hadi kidevuni. Alikuwa hasomi. Alisimulia kwa Kiswahili cha kuungaunga, lakini mikono yake ilikamilisha kila sentensi. Alipofika mahali Hajiri anapomlaza mtoto kivulini, akakunja khanga yake kifuani kama anayelaza mtoto kweli, akasema: "Akamweka chini ya ewoi." Ewoi ni mgunga kwa Kiturkana. Vijana wakadakia: hapana, Biblia haikusema ewoi, imesema kijiti. Mabishano yakaanza. Mama akasimama kimya mikono ikiwa bado imekunjwa, kisha akauliza: "Ninyi mmewahi kumlaza mtoto anayekufa kwa kiu? Mti ulio karibu ndio unaomweka. Kwetu ni ewoi." Mkufunzi wa Marsabit akamwambia kwa upole kwamba amesema kweli, ila akienda kusimulia aseme kijiti, maana na wengine wana miti yao. Akakubali. Alipomaliza kisa na maji yakaonekana, watu wazima walikuwa wanapangusa macho. Ukame wa mwisho ulikuwa umekwisha miezi michache tu iliyopita. Misimu mitano ya mvua mfululizo ilikuwa imekosa, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Kila mmoja mle ndani alikuwa na mtu wa kumkumbuka.

Nje, muuza duka aliyetuletea soda, kijana Mwislamu, alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Hajiri anamjua, mahujaji wa kwao hukimbia kati ya Safa na Marwa kwa kumkumbuka. Alisubiri kisa kiishe ndipo akadai chupa zake.

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kutoa ujumbe wa mama wa maziwa. Nilidhani watakasirika. Mzee wa koti la suti akasema, "Mtu akichimba kisima, hamwagi mchanga kwenye boma la jirani." Mwinjilisti wa Marsabit akakumbusha habari ya Salah Farah, mwalimu Mwislamu aliyekuwa ndani ya basi lililoshambuliwa karibu na El Wak, Mandera, Desemba 2015. Washambuliaji walitaka abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo huku. Abiria Waislamu wakakataa. Salah Farah alipigwa risasi, akafa Januari 2016. "Anayetaka kuanzisha kanisa Kaskazini," akasema, "aanze kwa kujua deni hilo." Waliazimia kwamba hakuna hata mmoja wao atakayenunua spika. Nami nasema makanisa mengi ya mijini, na letu la Taita mojawapo, yangefaidika na azimio hilo.

Jioni ya siku ya tatu lilizuka jambo ambalo mwaka ule hakuna Mkenya aliyeweza kulikwepa. Tangu Aprili 2023 miili ilikuwa ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, na kufikia Agosti ilikuwa imezidi 400, watu walioambiwa na mhubiri wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Serikali ilikuwa imeunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kutazama upya sheria za mashirika ya dini. Miaka michache kabla, mapema 2016, zilipendekezwa kanuni ambazo zingewataka viongozi wa dini wawe na vyeti vya theolojia, makanisa na misikiti ikapinga, zikawekwa kando. Sasa hoja ilikuwa imerudi ikiwa imebeba majeneza. Kijana kutoka upande wa Oldonyiro akauliza: "Nikifika manyatta nikasema nimetumwa na Mungu, watajuaje mimi si yule wa Shakahola?"

Mama mchungaji hakumjibu kwa hotuba. Akawataka wote, mmoja baada ya mwingine, wataje watu wawili wanaoweza kuwaambia "hapana" nao wakasikia. Watu wawili kwa majina. Zoezi lilianza kwa urahisi, likawa gumu. Mmoja alimtaja mkewe, tukamwambia aongeze wa pili. Mmoja, kijana hodari kuliko wote kwa kuhubiri, alisimama muda mrefu akiangalia viatu vyake, akashindwa kutaja hata mmoja. Hakuna aliyemcheka. Mama akamwambia, "Wewe hujazuiwa, mwanangu. Ila usianze mpaka uwapate." Naamini hapo palikuwa na ulinzi zaidi kuliko ule wa cheti cha ukutani, ingawa sisemi cheti hakina kazi. Yule wa Shakahola hakukosa maneno. Alikosa mtu wa kumwambia hapana.

Juu ya fedha walisema wazi pia, nami nitapita haraka kwa kuwa yanaumiza. Wapo wafadhili wanaolipa kwa hesabu ya makanisa, basi makanisa huzaliwa kwenye fomu za ripoti na kufia humo humo. Wapo waliopewa pikipiki bila petroli. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) alitoa wito kwamba wamisionari na fedha za nje zisitishwe kwa muda ili kanisa la Afrika lijifunze kusimama. Wengi walimwona mkali kupita kiasi. Ningependa wito wake usomwe upya Isiolo.

Usiku huo mchungaji mstaafu aliniuliza kwa nini nimenyamaza. Nilikuwa namfikiria mtu mmoja. Nilipokuwa chuo kikuu tulisoma Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani wa Hemed Abdallah el Buhry, na mfasiri wake kwa Kiingereza alikuwa Roland Allen. Kwetu wanafunzi lilikuwa jina tu. Miaka baadaye nikaja kugundua kwamba Roland Allen huyu ni yule padri wa Kianglikana aliyetumwa kaskazini mwa China mwaka 1895, aliyeandika mwaka 1912 kitabu kilichowasumbua wamisionari wa dunia nzima kwa hoja moja: Paulo alikaa mahali kwa miezi, akaacha kanisa kamili lenye wazee wake, ubatizo wake na meza ya Bwana yake, sisi tunakaa miaka hamsini na bado hatuwaamini. Uzeeni alihamia Kenya, akajifunza Kiswahili, akatafsiri tenzi za Waislamu wa Pwani kwa upendo na bidii, akafia Nairobi mwaka 1947. Mtu aliyeamini kwamba Roho wa Mungu anaweza kumwongoza mwenyeji, ndiye huyo huyo aliyeketi miguuni pa mashairi ya mwenyeji. Rafiki yangu alisikiliza, akasema, "Basi kesho nitakuonyesha alichokiandika."

Siku ya nne tulikwenda kwa bodaboda upande wa Ngaremara, kwa njia ya Archers Post, kisha tukaacha lami. Kwanza alinionyesha kanisa la mabati, zuri, rangi ya samawati, na tangi la maji pembeni. Mlangoni palikuwa na kufuli, na buibui ametanda utando kutoka kufuli hadi fremu. Ukame ulipokolea watu walihama na mifugo, mchungaji aliyeletwa kutoka mjini akarudi mjini. Watu wamerudi sasa, ila hawajui ufunguo uko wapi. Sitalitaja dhehebu, wapo wengi wenye kufuli kama ile.

Tulitembea tena mwendo wa saa moja hivi. Saa sita mchana, mbuzi wakiwa wamelala kivulini, chini ya mgunga mkubwa walikuwa wameketi watu wazima 14 na watoto wasiohesabika. Aliyekuwa katikati, juu ya kigoda chake, ni mzee wa koti la suti. Leo hakuwa na koti. Alikuwa ameomba ruhusa semina impe siku moja, maana ilikuwa siku yao ya kukutana. "Ejok, mwalimu," akanisalimu, akanionyesha jiwe la kuketi.

Alisimulia kisa cha Hajiri. Akasema kijiti. Wakaulizana maswali, wakabishana, bibi mmoja akaazimia kumpelekea maji jirani ambaye hawajasalimiana tangu ugomvi wa mbuzi. Wakaimba. Mkutano wote haukuzidi saa moja na nusu, kwa sababu mbuzi walianza kuamka.

Baadaye akanieleza yaliyompata. Ukame ulipozidi, walihama kuelekea upande wa Shaba kufuata maji. Hakuwa na jengo la kuacha nyuma. Kanisa lilikwenda na mbuzi. Walikutana adhuhuri, kisimani, wakati wa kungoja zamu. Huko wakakuta Wasamburu, watu waliokuwa na kisa nao cha damu. Alikwenda kwa wazee wao usiku, bila fimbo, akaomba zamu. Walimpa. Wiki ya tatu, Wasamburu wawili wakaja kusikiliza visa. Mzee na watu wake waliporudi kwao, walikuwa wengi kuliko walivyoondoka.

"Na ubatizo?" nikamuuliza.

Akatazama mbuzi wake. "Hilo si langu. Mimi ni mwinjilisti tu. Pasta mwenye ruhusa alikuja mara moja mwaka jana. Barabara ni mbaya. Wapo tisa wanangoja."

Nimezunguka nalo jambo hilo tangu siku ile. Mtu huyu alibeba kanisa mgongoni kwa miaka miwili ya njaa. Alipatanisha watu. Anajua visa vya Biblia zaidi ya 40 kwa moyo, na anao watu wawili wa kumwambia hapana, mkewe na kaka yake mkubwa, nilikuwapo alipowataja. Kinachomzuia kumimina maji juu ya kichwa cha jirani yake ni barua kutoka ofisi iliyo mbali, na barua inahitaji cheti, na cheti kinahitaji miaka mitatu ya chuo ambacho mbuzi wake hawawezi kumngojea. Tunawafunza watu hawa kuchimba, kisha tunawanyima ndoo.

Kwa wakuu wa makanisa yetu wanaosoma Kiswahili, maaskofu, wenyeviti wa sinodi, waangalizi: msingoje awafuate mjini. Nendeni ninyi kwake. Kaeni chini ya mgunga siku mbili, waulizeni majirani zake, waulizeni na Wasamburu waliompa zamu. Mkiridhika, mwekeeni mikono papo hapo, mbele ya mbuzi wake, arudi kazini.

Mwezi Novemba, mvua za El Niño zilipofurika Kaskazini, nilimpigia simu. Sauti ilikuwa inakatika. Alisema maji yamejaa, wamehamia mlimani, hakuna aliyepotea, na Jumapili walikutana. Mama yule wa Kiturkana ameanza kusimulia kwenye manyatta ya pili. Nikamuuliza juu ya wale tisa. Akasema sasa ni kumi na wawili, na bado wanangoja.